Kamba ya utosi

Kwa misimu miwili kazi yangu ilikuwa kushika kamba.

Kamba yenyewe inaanzia kwenye utosi wa puto, pale juu kabisa pa kitambaa, na anayeishika husimama peke yake, mbali na wenzake, gizani, miguu imezama mchangani. Puto likijazwa hewa kwa feni huwa limelala ubavu kama ng'ombe aliyeshiba. Rubani akiwasha moto, hewa ya ndani inapata joto, inakuwa nyepesi, na lile dude zima linaanza kuinuka. Lisipozuiwa halisimami kwa adabu. Linanyanyuka kwa pupa, linapita wima, linayumbia upande wa pili na kulivuta kapu pamoja na waliomo. Mshika kamba ndiye breki yake. Unaegemea nyuma, unachimba visigino, unalikubalia kidogo kidogo huku likikuburuta kuelekea kwenye kapu, mpaka lisimame juu ya vichwa vya watu na kutulia. Unampa rubani ncha ya kamba aifunge pembeni. Wageni wanapiga makofi. Kapu linaachana na ardhi. Wewe unageuka na kukimbilia gari, maana kazi ya pili imeshaanza, nayo ni kulifuata.

Hiyo ilikuwa Dubai, jangwani. Leo ninaandika nikiwa nyumbani Bweyale, na ninaandika kwa sababu watu wa hapa wakisikia neno Uarabuni wanashusha sauti, na wana haki ya kuishusha. Wengi wetu tumerudi na hadithi nzito. Mimi pia ninayo. Lakini ninayo na hii nyingine, na sitaki ipotee.

Kwa asiyeijua Bweyale: ni mji wa barabarani nchini Uganda, katika wilaya ya Kiryandongo, kwenye lami iendayo Gulu, kabla hujafika daraja la Karuma. Jirani yetu kuna makazi ya wakimbizi. Sokoni utamkuta Mwacholi, Mnyoro, Mlugbara, Mkenya aliyekimbia vurugu za 2008, Mkongo, mtu wa Sudan Kusini, na wote hao wakibishania bei ya nyanya wanabishana kwa Kiswahili. Mama yangu ni Mwalur wa Pakwach, anauza samaki, angara wakavu na mukene, yaani dagaa. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa Mluhya, dereva wa malori ya Mombasa hadi Juba. Hawakuwa na lugha nyingine ya kupendania. Kwa hiyo mimi Kiswahili sikufundishwa shuleni wala sikukichukua kambini kwa askari. Nilikikuta ndani ya nyumba, kando ya sigiri.

Wakala aliyenisafirisha aliniahidi kazi ya ulinzi. Nilipofika nikaambiwa nafasi haipo. Wiki sita nililala chumba cha watu kumi na wawili bila mshahara, pasipoti yangu mikononi mwa mtu nisiyemjua. Sitalirefusha hilo. Aliyenitoa pale ni kijana wa Kakamega aliyekuwa akilala kitanda cha juu yangu. Alinipeleka kwa msimamizi wake, mzee wa Tanga mwenye mvi kwenye nyusi, ambaye aliniangalia mabega, kisha viganja, kisha akaniuliza kama nina mazoea ya kuamka usiku. Nikamwambia mama yangu ni muuza samaki. Akacheka, akasema, "Basi wewe umezaliwa saa tisa za usiku."

Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya puto. Nilijifunza pia kusema "Shikamoo, mzee" kila alfajiri, kwani kwetu Uganda salamu hiyo haina mizizi, na nilipenda namna alivyoitikia "Marahaba" bila haraka, hata siku tulizochelewa.

Uwanja wetu ulikuwa upande wa Margham, kwenye barabara ya Dubai kwenda Al Ain. Saa tisa na nusu usiku tuko kwenye gari. Kapu la henzerani linashushwa kutoka kwenye trela, zito, limegawanywa vyumba kama sanduku la mayai, katikati chumba cha rubani na mitungi ya gesi. Halafu tunalitandaza puto. Watu hudhani kitambaa cha puto ni laini kama hariri. Ni nailoni kavu yenye kunguruma, na alfajiri za Januari, ukungu unapolala jangwani, inalowa umande mpaka vidole vinakufa ganzi. Ndiyo, jangwani kuna umande. Nilimwambia mama kwenye simu akanyamaza kidogo, akaniuliza kama nina sweta.

Kabla ya yote hayo, rubani anarusha puto dogo lenye taa, dogo kama kichwa cha mtoto, na sote tunasimama kimya kulitazama. Hicho ndicho kipimo. Taa ile inapanda, inakwenda kaskazini, ghafla inasita, inapinda magharibi, inapanda tena na kwenda njia nyingine kabisa. Kila mpindo ni tabaka jingine la upepo. Puto la watu halina usukani wala mkia. Rubani ana mambo mawili tu mkononi mwake: moto wa kupanda, na kamba ya kufungua kifuniko cha utosini ili hewa moto itoke ashuke. Akitaka kwenda kushoto, anatafuta ni kimo gani upepo unavuma kushoto, anapanda au kushuka mpaka aupate. Nilikaa miezi kadhaa kabla ya kulielewa jambo hili vizuri, na nilipolielewa niliacha kuwaona marubani kama madereva. Ni wasikilizaji.

Kwa nini alfajiri? Wageni waliamini ni kwa ajili ya picha. Jua likishapanda, mchanga unachemka, hewa inaanza kunyanyuka vipande vipande, huku inapanda, kule inashuka, na upepo wa chini unashika nguvu. Saa ile ya kwanza peke yake ndiyo hewa hulala. Isitoshe, hewa ya nje ikiwa ya baridi, ile ya ndani haihitaji kupikwa sana ili iwe nyepesi kuishinda, na humo ndani hufika kama nyuzi joto 100. Ndiyo maana pia joto la kiangazi linapoingia, msimu unafungwa, na sisi wenye mikataba ya msimu tunahesabu akiba.

Kulifuata puto ni kazi ngumu kuliko kulisimamisha. Unatoa upepo kwenye matairi mpaka yanakuwa bapa kama chapati, ili gari lipite juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Halafu unaendesha macho yakiwa juu. Puto linavuka tuta moja bila kujua kama ni tuta; wewe unalizunguka nusu saa. Kuna uzio, kuna shamba la ngamia, kuna bonde lililokuwa gumu wiki iliyopita na leo limejaa mchanga mlaini. Mara mbili tulinasa na kuchimba kwa mikono, tukimsikia rubani redioni akituita, na hakuna aibu kama kuwa mtu wa kupokea halafu hupo.

Mama alikuwa ananipigia kila Ijumaa. "Leo mmeruka?" ataniuliza. Nami namjibu, "Wageni wameruka, mama."

*

Siku yangu ilikuja Februari, msimu wa pili. Wageni wawili hawakutokea hotelini. Rubani alihesabu uzito, akaangalia kapu, akamwambia mzee wa Tanga anahitaji mtu mmoja ndani ili upande ule usiwe mwepesi. Mzee hakufikiri. Alinivua glovu mwenyewe, akazivaa.

"Panda, mwanangu. Kamba ninayo mimi leo."

Alikuwa na miaka hamsini na kitu. Nilisimama kwenye kapu nikimtazama kwa mbali, kivuli kidogo kimeegemea nyuma, akiburutwa hatua, akichimba visigino, akiburutwa tena, na nilijua hasa ni msuli gani wa paja unamuuma. Hilo ndilo nililoliona kabla ya kuona anga.

Kisha ardhi ikaondoka. Sina namna nyingine ya kulisema: mimi sikuhisi kupanda. Hakuna kutikisika, hakuna tumbo kuruka kama kwenye ndege. Nilikuwa naangalia mchanga, na mchanga ukawa unaondoka taratibu kama mtu anayeaga kwa heshima. Moto unapowashwa unakupiga utosini mpaka unainamisha kichwa. Unapozimwa, kimya kinachokuja ni kikubwa kiasi kwamba unasikia henzerani za kapu zikilia chini ya uzito wa watu. Hakuna upepo usoni. Kwa kuwa unakwenda na upepo, kasi yako ndiyo kasi yake, hausikiki. Mama mmoja mgeni alikuwa ameshika mtandio wake kwa mikono miwili akiogopa utapeperuka. Ulining'inia tu, umetulia kama nguo kabatini.

Jua lilitoka upande wa milima ya Hajar, mashariki, jekundu na bapa. Rubani alifanya kitu ambacho nilikuwa nimekisikia lakini sijakiamini: alituteremsha nyuma ya tuta kubwa mpaka jua likazama tena, kivuli cha samawati kikatufunika, kisha akawasha moto, tukapanda, na jua likachomoza mara ya pili kwa ajili yetu. Watu walipiga kelele za furaha. Mimi nilishika kingo za kapu na kumshukuru Mungu kwa sauti, kwa Kialur, lugha ya mama, sijui kwa nini kwa hiyo.

Misimu miwili nilikuwa nimeliita jangwa lile tupu. Ukiwa juu unaona limeandikwa. Kwanza mistari ya upepo, myembamba, sambamba, kama jembe limepita. Juu yake nyayo: mbweha amekuja kutoka kichakani, amezunguka, amerudi. Alama ndogo ndogo za panya wa jangwa kama mshono wa cherehani. Njia ya ngamia imekatiza, pana, ya uvivu. Miti ya ghafu, mmoja mmoja, kila mmoja na duara lake la kivuli na samadi ya wanyama waliolala chini yake. Na kwenye uwanda wa kokoto, choroa weupe saba, pembe zimenyooka kama fimbo, hawakutukimbia. Mnyama huyo alikuwa ameisha kabisa porini mwaka 1972. Waliopo leo wametokana na wachache waliofugwa na kurudishwa nyikani kuanzia miaka ya themanini. Rubani aliwaeleza wageni hayo kwa Kiingereza. Mimi nilikuwa nawahesabu mara ya pili, nihakikishe ni saba.

Ndipo nikaliona gari letu.

Nilikuwa nimelisahau. Liko nyuma yetu, chini, dogo kama mdudu kombamwiko mweupe, limebaki upande usiofaa wa tuta refu. Linakwenda kulia, linasimama, linarudi. Mtu akatoka, akapanda juu ya boneti, akakinga macho kwa mkono. Nilimjua kwa namna anavyosimama: kijana wa Kakamega. Nilijua anachokiona kutoka pale, yaani mchanga mbele, mchanga kushoto, na duara la rangi angani linalozidi kuwa dogo. Na kutoka nilipokuwa niliona wazi kabisa, kama nimechorewa, kwamba nyuma ya tuta la pili upande wa kushoto kuna upenyo wa ardhi ngumu, mita mia tatu tu kutoka kwao, unaokuja moja kwa moja mpaka tunakoelekea. Siku zote upenyo kama huo ulikuwepo. Tulikuwa tunazunguka nusu saa kwa sababu hakuna aliyekuwa juu akatuambia.

Nilimwomba rubani redio. Alinitazama, akanipa.

"Mzee, geuza kushoto. Pita tuta la kwanza, la pili usilipande. Nyuma yake kuna njia, ngumu, inakuja huku huku."

Kimya. Kisha sauti yake, na mlio wa injini nyuma yake: "Nimekupata, mwanangu. Wewe tuonyeshe."

Wageni waligeuka kunitazama. Mgeni mmoja aliniuliza nazungumza lugha gani. Nilimwambia Kiswahili, akaniuliza ni ya nchi gani, nikaanza kuhesabu nchi nikashindwa kumaliza kwa sababu gari lilikuwa limefika kwenye upenyo na nilitakiwa kusema "hapo hapo, ingia." Liliingia. Lilinyooka. Nyuma yake vumbi jembamba likainuka na kupata rangi ya jua. Nimeona vitu vizuri katika maisha yangu, nimeona mwanangu akizaliwa, lakini lile vumbi ninaliweka karibu na hilo.

Kutua ilikuwa kama kawaida: magoti yamekunjwa, mgongo umepewa mwelekeo tunakokwenda, mikono kwenye vishikio vya kamba, kapu likagusa, likaruka, likagusa tena, likajiburuta na kulala. Tulipofungua macho gari lilikuwa tayari limesimama pale. Ndiyo mara pekee katika misimu miwili tuliyowahi kulifikia puto kabla halijanyamaza. Tangu siku hiyo marubani wawili wa kikosi chetu wakawa wanamwachia mtu wetu nafasi kila uzito uliporuhusu. Si kila siku. Lakini ilikuwa.

*

Nilirudi nyumbani mwaka uliofuata. Mama alitaka kusikia yote, na siyo mara moja. Alipenda hasa nilipomwambia mambo haya yalianzia Ufaransa mwaka 1783, ndugu wawili wa ukoo wa Montgolfier, watengeneza karatasi, waliporusha puto mbele ya mfalme likiwa limebeba kondoo, bata na jogoo, ili ijulikane kama kiumbe anaweza kupumua huko juu.

"Na jogoo alirudi?"

"Walirudi wote, mama. Miezi miwili baadaye ndiyo wakapanda watu, juu ya mji wa Paris."

Alitikisa kichwa. "Kwa hiyo wanyama walitumwa kwanza. Kama kawaida."

Jirani mmoja alimletea mama habari ya ajali ya Luxor, kule Misri, naye mama akaniuliza nikiwa nakula, kwa sauti ya chini. Sikumficha. Mwaka 2013 puto lilishika moto wakati wa kutua, likapanda tena likiwaka na kuanguka, watu 19 walifariki. Nilimweleza pia ni nini kilichoshindikana, bomba la gesi, na ni kwa nini sisi tulikuwa tukikagua kila bomba kwa mikono na kwa pua kila alfajiri. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema angependa kuliona moja, la kweli, siku moja.

Hapo ndipo nilipopata wazo. Puto linaruka pia hapa kwetu, ndani ya hifadhi ya Murchison Falls, na sisi watu wa Bweyale tunaishi mlangoni pa hifadhi hiyo miaka yote bila kuingia. Bei yake ni mamia ya dola, na inauma. Nilikuwa na akiba. Nililipia nafasi moja, yake. Mimi nilipanga kukaa kwenye gari la kufuata, kazi ninayoijua.

Tulipita Karuma, nyani wamejipanga kando ya lami wakingoja ndizi za abiria, nguzo za umeme wa bwawa zimekanyaga msituni, tukashika barabara ya Pakwach. Usiku tulilala kwenye vibanda vya bei nafuu karibu na Paraa. Mama alinieleza jina hilo kwa lugha yake: kwa viboko, nyumbani kwa viboko. Na kweli usiku walikuja kula majani nje ya dirisha, tukawasikia wakikata nyasi kwa midomo, krr, krr, kama mtu anachana gunia. Hakulala. Alikaa kitandani amejifunika leso akisema mambo ya utotoni, ya baba yake aliyevua mtoni humu humu, zamani za Amin, wakati redio iliyaita maporomoko haya kwa jina la Mukama Kabalega, mfalme wa Wanyoro.

Alfajiri, uwanjani, kila kitu kilikuwa kama nilivyokiacha: feni, trela, kapu, harufu ya gesi. Badala ya mchanga, nyasi zenye umande mpaka magotini. Rubani aliwaita abiria awape maelekezo ya kutua. Alionyesha namna ya kukunja magoti. Akauliza kama kuna mwenye tatizo la mgongo, nyonga au goti.

Mama angeweza kunyamaza. Ninamjua, na nilimwona akifikiria kunyamaza. Lakini miaka thelathini ya kuketi kwenye kigoda sokoni imeliharibu goti lake la kulia, mwaka jana lilitolewa maji, na rubani alipomwomba achuchumae aone, halikukunjika. Rubani alichuchumaa mbele yake, akamwambia kwa upole kwamba hawezi. Ilinibidi nitafsiri. Sijawahi kutafsiri sentensi nzito kama ile.

Alikaa kimya kidogo. Akavuta leso mabegani. "Panda wewe," akaniambia. "Mimi nitakufuata na gari. Si ndiyo kazi yenyewe?"

Nilikataa. Alinitazama jicho ambalo kila mtoto wa muuza samaki analijua, na nikapanda.

Sitaeleza kila kitu nilichokiona. Nile ilikuwa upande wa kusini, pana, rangi ya chuma, ikijiendea taratibu kuelekea Ziwa Albert, kwenye mafunjo ya delta ambako inaacha kuwa mto mmoja. Ni vigumu kuamini kwamba maji yale yale, mashariki kidogo, yanabanwa kwenye mwamba wa upana wa mita saba hivi na kuanguka zaidi ya mita arobaini. Miti ya mivumo, mirefu, imesimama mmoja mmoja nyikani. Twiga wanatembea wakiwa wametangulizwa na vivuli vyao, virefu kuliko wao. Swala wetu, yule aliye kwenye nembo ya taifa, dume dume, kila mmoja kwenye uwanja wake mdogo alioukanyaga mpaka ukawa na upara. Ng'ambo ya ziwa milima ya Kongo ndiyo iliyopata jua kwanza, kabla yetu.

Niliuona na mnara wa kuchimba mafuta. Visima vingine vya mradi wa Tilenga vimo ndani ya hifadhi hii, na uchimbaji ulianza mwaka 2023. Ukiwa barabarani unaona ukuta wa kijani na lori. Ukiwa juu unaona uwanja mzima uliosawazishwa, mraba kamili, katika nchi ambayo haina mraba mwingine wowote. Mafuta hayo yana nta, hugandia, kwa hiyo bomba lake linajengwa ili lipashwe moto njia nzima, kilomita 1,443, kutoka kwetu hadi Tanga. Tanga kwa mzee wangu. Nina mawazo mengi juu ya bomba lile na siyo yote mazuri, na pale juu yalinijia yote kwa pamoja: ardhi ya watu, kazi za vijana wetu, hawa twiga. Tembo kadhaa walikuwa wakipita mbali na uwanja ule, wameuzunguka kwa upana mkubwa, mzazi na watoto, kwa mstari. Ninaomba wanaoamua mambo haya wapandishwe kapuni, walau alfajiri moja, waone jinsi mzunguko ule ulivyo mpana.

Halafu nikalitafuta gari. Humo hifadhini gari haliachi njia ovyo, kwa hiyo lilikuwa likizunguka kwa utii kufuata barabara ya udongo mwekundu, mara likikaribia, mara likituacha, vumbi nyuma. Dirisha la abiria lilikuwa wazi. Mkono ulikuwa nje, na mkononi leso ya njano. Alikuwa akiipunga, siyo kwa kuniaga, kwa mpangilio, juu na chini, juu na chini, kama mtu anayehofia huenda huku juu tukapotea njia.

Rubani alitua polepole kwenye nyasi fupi na kuliacha puto limesimama, akilipa moto mdogo mdogo, mpaka gari lifike. Mama alishuka ameshika mlango, goti limekaza.

"Mlikuwa mnakwenda wapi?" aliniuliza. "Mmetuzungusha mpaka shingo imeniuma. Dereva huyu ni wa Panyimur, nimejua mama yake."

Niliwaomba wale vijana kamba ya utosi. Walishangaa mteja kuiomba, lakini walinipa. Wakati wa kulaza, kazi ni ile ile kinyumenyume: rubani anafungua kifuniko, na mshika kamba anakwenda mbali, anavuta, analiongoza liangukie mahali safi. Nilivuta. Lilipumua, likainama, likaja chini taratibu, rangi zake zote zikilala kwenye nyasi. Kisha hewa iliyobaki lazima ikamuliwe, na hilo hufanywa kwa miili, watu wanalala au kuketi juu ya kitambaa na kusogea pamoja.

Mama aliuliza kama kuketi kunaruhusiwa kwa mwenye goti. Kijana mmoja alimshika mkono upande mmoja, mimi upande wa pili, tukamshusha. Aliketi kama anavyoketi sokoni, mguu mbovu ameunyoosha mbele, na puto lote likaguna chini yake likitoa hewa. Akaweka kiganja juu ya kitambaa, akakiacha hapo.

"Bado lina joto," akasema.